Tukimkumbatia Origi, mbona tumwite Yavi msaliti?

Mhariri,

Juni 2014 Divock Origi alipoifungia Ubelgiji bao la dakika ya 88 dhidi ya Urusi kwenye Kombe la Dunia, hapa Nairobi tulishangilia kana kwamba Harambee Stars ndiyo iliyofunga. Baba yake, Mike Okoth, aliichezea Kenya, na hilo lilitutosha. Hakuna aliyeuliza kijana ana pasipoti gani.

Agosti 2024, jijini Paris, Winfred Yavi aliyezaliwa Makueni aliipa Bahrain dhahabu ya Olimpiki katika mita 3,000 kuruka viunzi na maji, kwa rekodi mpya ya michezo hiyo ya dakika 8:52.76. Nilikuwa kwenye kibanda kimoja hapa Umoja. Faith Cherotich wetu alipigiwa makofi kwa shaba yake. Yavi aliitwa msaliti, na hata watu wazima wakaitikia.

Imeniuma sana. Origi alizaliwa Ostend na kukulia Ubelgiji. Yavi ni mtoto wa hapa. Kama ni damu, wote wawili ni wetu. Kama ni pasipoti, wote wawili ni wa wenyewe. Hatuwezi kubadilisha mizani kila tunaposhindwa.

Sheria yenyewe haina utata. Mkataba wa Olimpiki, kanuni ya 41, unataka mshindani awe raia wa nchi anayoiwakilisha. Mwenye uraia wa nchi mbili huchagua moja, na aliyekwisha kuiwakilisha nchi moja akitaka kuhama husubiri miaka mitatu, ila wahusika wakikubaliana kuupunguza muda huo. Hapo ndipo Stephen Cherono, Mkenya mkimbiaji wa mbio hizohizo za kuruka viunzi na maji, alipokwama. Mwaka 2003 alichukua uraia wa Qatar, akawa Saif Saaeed Shaheen, na mwaka huohuo akamshinda Ezekiel Kemboi kwenye Mashindano ya Dunia. Kakaye, Christopher Kosgei, alikuwa ameiletea Kenya taji hilohilo mwaka 1999. Kenya ilikataa kumpunguzia muda, akaikosa Athens 2004. Wakenya walizoa medali zote tatu kule, na siku chache baadaye Shaheen akavunja rekodi ya dunia mjini Brussels, dakika 7:53.63. Tulikuwa na haki ya kukataa. Lakini bingwa wa dunia alitazama Olimpiki akiwa nje, na sisi tukaona tumemkomoa.

Kama ni hasira, kuna mahali pa kuielekeza: umri. Yavi alikuwa na miaka 17 tu alipokimbia fainali ya dunia ya London 2017 akiwa na jezi ya Bahrain. Ruth Jebet, mzaliwa mwingine wa Kenya, alikuwa na miaka 19 alipoishindia Bahrain mbio hizohizo Rio 2016. Watoto hawa walihamishwa na watu wazima, halafu lawama tunawabebesha wao. Nashukuru Shirikisho la Riadha Duniani lilisimamisha uhamisho mwaka 2017, na mwaka uliofuata likaleta kanuni mpya: hakuna kuhama kabla ya miaka 20, ni mara moja tu, na lazima kungoja miaka mitatu. Kanuni hizo zisilegezwe hata kidogo.

Na tuseme ukweli kuhusu huku nyumbani. Kwa kawaida kila nchi hupata nafasi tatu katika kila mbio za Olimpiki. Anayemaliza wa nne au wa tano kwenye mchujo wetu anaweza kuwa miongoni mwa bora duniani, na bado akarudi kijijini mikono mitupu. Akija mtu na mshahara wa kila mwezi, tunataka amjibu nini?

Katiba ya 2010, ibara ya 16, inasema raia wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata wa nchi nyingine. Bernard Lagat hakuwa na kinga hiyo mwaka 2004, alipoiletea Kenya fedha ya mita 1,500 ilhali tayari alikuwa amepata uraia wa Marekani. Wa leo wanayo. Anayekimbilia nchi nyingine bado anaweza kuwa Mkenya kisheria, na hakuna shabiki wala mtangazaji mwenye mamlaka ya kumvua.

Kwa hiyo naomba Chama cha Riadha kipeleke mawakili kwenye kambi za mazoezi, Iten hadi Machakos, wawasomee vijana mikataba hiyo kwa lugha wanayoielewa, wazazi wakiwepo, kabla hawajatia sahihi. Nanyi wanahabari, Yavi akishinda tena, mtangazeni kama mlivyomtangaza Origi.

Msomaji wenu,
Umoja, Nairobi