Barua kwa wifi: mwacheni kuku alee vifaranga wake

Wifi yangu,

Hongera kwa wageni. Picha nimeiona. Kumi na mmoja kati ya mayai kumi na manne si haba, tena kwa kuku anayeatamia kwa mara ya kwanza. Swali lako, kama mumnyang'anye mama vifaranga mwalee kwenye boksi kwa joto la taa, ndilo lililonifanya niandike hapa mbele za watu badala ya kukujibu kwa simu, maana kila anayeanza na kuku wa kienyeji huliuliza, na kila mara yupo mwanamume nyumbani ambaye ameshaandaa boksi.

Hesabu ya kaka yangu, kwamba hivyo kuku atarudi kutaga mapema, si ya uongo. Kuku akiachiwa watoto hutembea nao miezi miwili, pengine mitatu, ndipo arudi kutaga. Akinyang'anywa mapema, baada ya wiki chache anaanza upya. Wenye mitetea mingi hufanya hivyo: wanawaanzisha kuatamia wote siku moja, wanakusanya vifaranga wote kwenye kinengunengu, yaani uzio wa kulelea vifaranga kwa joto la taa au jiko, mama zao wanarudi kazini. Lakini ninyi mna kuku mmoja, na umeme wa huko Chanika mnaujua wenyewe. Kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, usiku na mchana. Taa ikizimika saa nane za usiku, asubuhi mtawakuta wamelaliana kwenye kona, wa chini wamekufa kwa kukosa hewa. Na jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa, wifi, hilo msijaribu kabisa. Mwili wa mama yao una nyuzi zinazokaribia 41, na yeye hakatiki.

Isitoshe, taa haifundishi kula. Mtazame vizuri huyo mama: anachakura, anaokota kitu, anakiangusha tena huku anaita, watoto wanakimbilia. Mlio huo ni mwingine kabisa na ule wa mwewe akipita juu, ambao vifaranga wakiusikia wanajibanza hapo hapo.

Kwa hiyo mwacheni. Ninyi mleeni yeye. Siku 21 zote alizoatamia alikuwa anashuka mara moja kwa siku, anadonoa kidogo, anakunywa, anarudi. Sasa amebaki mifupa. Mpe chakula cha kushiba kabla ya yote, mtama au chenga za mahindi, na maji karibu. Kuku mwenye njaa hutembeza watoto mbali akitafuta riziki, na kifaranga mchanga hachoki akapona. Anabaki nyuma kwenye majani, basi.

Mayai matatu yaliyobaki msiyapasue. Kifaranga hutoka akiwa amefyonza kiini cha yai tumboni, anaweza kukaa siku mbili hadi tatu bila kula, ndiyo maana mama huwasubiri wa mwisho bila wasiwasi. Akishashuka na wenzao na kuyaacha yapoe siku nzima, hayo ni viza, kazikeni mbali kabla hayajapasuka yakawanukia. Kiota nacho choma majani yake yote, weka mengine makavu na majivu. Utitiri unapenda sana kiota cha kuku aliyetoka kuatamia, na kwa kifaranga mdogo hao wadudu hunyonya damu mpaka anakuwa mweupe.

Maji ya watoto yawe kwenye kisahani, na ndani yake panga kokoto, waweze kunywa katikati ya mawe bila kuzama. Chakula chao nunua kile cha vifaranga, mama akila naye hakimdhuru. Kile cha kuku wa mayai usiwape watoto hata kama muuzaji anasema ni kile kile: kina chokaa nyingi, huumiza figo zao. Mama akiwamalizia, inua tenga kwa mawe, chakula kiwe ndani, nafasi iwe ya kupita kifaranga tu. Atazunguka nje akilalamika, mwache.

Halafu kuna mchwa. Hiki ndicho chakula ambacho bibi yetu alikithamini kuliko pumba zote. Chukua chungu kilichovunjika mdomo, jaza mabua makavu na samadi ya ng'ombe, nyunyizia maji, kifunike kichwa chini pale penye njia ya mchwa, jioni. Asubuhi mapema, kabla ya jua kali, kifunue uwakung'utie kuku. Utaona fujo yake. Huko Chanika bado kuna viwanja vyenye mabua, hutakosa.

Sasa adui. Ninyi mna shida ambayo sisi huku tunaisikia tu: wale kunguru wa Bara Hindi, walioletwa Zanzibar miaka ya 1890 wakavuka kuja kuitawala Dar. Mwewe huja peke yake, mama anamwona. Kunguru huja wawili watatu. Mmoja anamchokoza mama mbele, mwingine anabeba nyuma. Najua kuna wanaopaka vifaranga rangi ya zambarau ili kuwatisha. Inapendeza machoni, lakini mimi siiamini sana. Wiki mbili za mwanzo wakae chini ya tenga kubwa, mama na watoto, mkilihamisha kila siku mahali penye kivuli na majani mapya. Usiku ndani, juu ya sakafu kavu, mlango usiopitisha panya wala kicheche.

Na masika yakianza, asubuhi msiwatoe mpaka umande ukauke. Manyoya ya kifaranga hayazuii maji. Akilowa anapoa, akipoa hafiki jioni. Unyevu wa ndani nao ndio unaoleta kuhara damu. Pumba za mbao mlizotandika sakafuni zikilowa, toa, hata kama ni za jana.

Liko jambo moja tu ambalo mama hawezi, nalo ni chanjo. Mdondo, au kideri kama mnavyouita huko, hauna dawa. Kuku anahara kijani, shingo inapinda, na banda zima linaondoka ndani ya wiki. Chanjo ya tone la jicho inatengenezwa hapo hapo Kibaha na Wakala wa Maabara ya Veterinari, nayo hata kifaranga mchanga anapewa. Tone moja kwenye jicho moja, msubiri apepese ndipo umwachie. Mrudie baada ya wiki tatu hivi, kisha kila miezi mitatu, mama pamoja nao. Chupa moja ina dozi nyingi kuliko kuku wako, basi wagongee majirani mchange. Kuku wa jirani asiyechanjwa ndiye anayewaletea ninyi ugonjwa. Chanjo za gumboro na ndui, magonjwa mengine ya kuku, muulize afisa mifugo wa kata, atakupangia wiki zake.

Ukipata vifaranga yatima wa siku moja au mbili, waingize chini yake usiku, gizani. Mchana atawadonoa.

Karibu miezi miwili hivi utamwona anawadonoa na hawa wake, anawafukuza kwenye chakula. Usimgombeze, anataka kutaga. Mwambie kaka yangu kwamba hapo boksi lake litapata kazi: aliwekee majani makavu, liwe kiota. Na mimi nikija mwezi wa nane, mawifi tunajua desturi, lakini huyo koo msimguse. Katika hao kumi na mmoja lazima jogoo yupo.

Wifi yako,
Singida