Tupewe kona ya kubadilishana mbegu sokoni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako. Sisi wenye bustani ya pamoja huku Igoma hubadilishana mbegu kabla ya mvua za vuli: mgagani, mlenda, choroko, njugu mawe. Safari iliyopita mama mmoja alileta kunde za bibi yake, amezihifadhi kwenye kibuyu pamoja na majivu ili wadudu wasizitoboe. Saa nne asubuhi hazikubaki hata punje!

Mbegu chotara za dukani huzaa sana msimu wa kwanza, lakini ukipanda tena ulichovuna, mimea hutoka mchanganyiko, na mkulima hurudi dukani kila mwaka. Kunde za kienyeji zinataka tu uache mashina machache yakomae na kukauka. (Mbegu za nyanya loweka siku mbili tatu ute utoke, kisha anika kivulini.)

Shida yetu ni mahali. Tunakutana chini ya mwembe, mvua ikinyesha tunatawanyika na mbegu zinalowa. Tunawaomba madiwani watutengee kona sokoni, Jumamosi moja tu kila Septemba. Meza tutabeba wenyewe.

Mkulima wa bustani,
Igoma, Mwanza