Mdogo wangu, mwanetu aanze na herufi moja

Mdogo wangu mpendwa,

Natumaini hamjambo hapo Mkonze. Uliniambia kwenye simu kwamba unamtafutia mwanetu mwalimu wa tuisheni, kwa kuwa mtoto wa jirani ana miaka minne na tayari anaandika a mpaka z. Nakujibu hapa hadharani kwa sababu wazazi wa darasa langu la awali huniuliza jambo hilohilo, na wote nawaambia kitu kimoja. Mtoto wa umri huo hana haja ya herufi zote. Mpe moja, aisikie, aishike, aicheze mpaka aizoee, ndipo umpe nyingine.

Anza na m. Kwa mtoto anayekulia Dodoma hakuna herufi iliyo karibu naye kama hiyo. Mkitoka anaikuta kwenye vibao: Makole, Majengo, Miyuji, Msalato, Mnadani. Jikoni kwako kuna maji, mkaa, mwiko, mlenda.

Ila kabla hajaiona, aisikie. Tafadhali usimfundishe kusema "em". Mtoto aliyekaririshwa majina ya herufi akikutana na neno mama husoma "em-a-em-a" na kukwama hapohapo, na tunamwonea tukisema hana akili. Mfundishe sauti. Afumbe midomo avumishe "mmmm" kama mtu anayeonja kitu kitamu, huku ameweka kidole juu ya pua asikie pua inavyotetemeka. Halafu mwambie aibane pua kwa vidole viwili na ajaribu tena. Sauti inakatika palepale, kwa sababu hewa ya m hutokea puani. Watoto wangu hucheka sana hapa, wanabana na kuachia, wanabana na kuachia, na kufikia hapo wameshaijua m kwa mwili wao. Maneno ya kuanzia yawe mtama, mkaa na mkeka, maana humo m inasimama peke yake bila irabu na mvumo wake unasikika wazi. Maji na maziwa yatafuata.

Ukishamaliza hilo, lete ndoo tupu uigeuze chini juu. Wewe taja maneno, yeye apige ndoo kila anaposikia m mwanzoni: mbuzi, kuku, moto, sahani, mwezi. Kama bibi yupo, mwachie bibi kazi hiyo. Wanawake wa Kigogo hupiga ngoma iitwayo muheme wakiwa wameibana katikati ya miguu. Mwache mtoto naye abane ndoo yake vivyo hivyo. Na muheme yenyewe inaanza na m.

Penseli iache kabatini. Vidole vya mtoto wa miaka minne bado havijakomaa kushika kitu chembamba kwa muda mrefu, na ukilazimisha, mkono unauma na daftari linakuwa adui. Mchanga upo tele uani. Tandaza kwenye sinia, nyunyizia maji kidogo tu ili mstari usibomoke, kisha aandike m ndogo kwa kidole: anashuka chini, anarudi juu, anapanda kilima cha kwanza, anashuka, anapanda cha pili, anashuka tena. Anza na ndogo, kwa sababu ndiyo iliyojaa vitabuni. Siku nyingine chora m kubwa kama chumba uani kwa kijiti, aitembelee peku asubuhi kabla jua halijachoma ardhi. Miezi hii ya upepo chora upande wa nyuma ya nyumba, la sivyo vumbi litaifuta kabla hajafika kilima cha pili. Wengine hupanga herufi kwa karanga au mbegu za ubuyu. Kwa kuwa mdogo wake bado anatia kila kitu mdomoni, hizo usizitoe kabisa, anaweza kupaliwa.

Nakuomba sana usimchanganyie m na n ndani ya wiki moja. Zinafanana kwa umbo, zote hutokea puani, na mtoto huchanganyikiwa kwa haki kabisa. Ukifika kwenye n, mpe kioo ajitazame: kwenye m midomo imefumba, kwenye n iko wazi na ulimi umegusa nyuma ya meno. Ni hivyohivyo kwa b na d. Akizigeuza usimfokee wala usimchape. Watoto wengi huzigeuza wakiwa wanaanza kuandika, na huacha wanavyozidi kusoma.

Magazeti ya zamani usiyafungie maandazi yote. Mwananchi lina m ukurasa wa kwanza kabisa. Azisake, mkate pamoja, abandike kwenye boksi kwa uji mzito wa unga wa muhogo.

Dakika kumi kwa siku zinatosha. Acha wakati bado anataka kuendelea.

Ukiona anaiokota m mwenyewe kwenye kibao au kwenye mfuko wa unga bila kuulizwa, mpe a. Weka m na a pamoja mchangani, aseme mmm-a, mara mbili, bila wewe kumtangulia. Hilo litakuwa neno lake la kwanza kusoma, na nataka alisome mbele yako, si mbele ya mwalimu wa tuisheni.

Jumamosi nakuja na magazeti. Msalimie mama na wote hapo nyumbani.

Dada yako