Ya kusoma kwenye arobaini ya Baba

Mama shikamoo, kaka shikamoo, na nyie wadogo zangu hamjambo. Natumaini wageni wa mbali wameshaondoka na mama saivi unapata hata usingizi. Mimi huku Reading, Uingereza, nipo, baridi imeanza kuuma na shifti za usiku zinanimaliza ila ndo kazi.

Mazishi niliyafuatilia kwenye simu mwanzo mwisho, mtandao ukikata napiga tena, nawashukuru mliokua mnanishikia simu juu kwenye lile jua. Wasifu wa marehemu niliusikia wote. Mama usinielewe vibaya, ulikua mzuri, ila karibu wote ulikua Kagera tu, Mutukula, Masaka, Lukaya, Kampala, halafu mwishoni haraka haraka "ameacha mjane na watoto sita". Yaani mzee aliishia 1979? Mi nimezaliwa 1984 bana. Kwa kua makaratasi yangu bado na siwezi kuja, kaka naomba kwenye arobaini uwasomee haya.

Vita vya Kagera vilikuwepo, sikatai. Amin wa Uganda kashatangaza Kagera ni yake, Mwalimu kashatoa ile hotuba ya Novemba 1978 ya nia, sababu na uwezo, mzee ana miaka 23 anaondoka anamwacha mama na mimba ya kaka. Ile njia ya kutoka mpakani mpaka Kampala sehemu kubwa aliipiga kwa miguu, mzigo mgongoni. Lukaya ndo alikua hataki kabisa kuiongelea, atakwambia tu barabara moja, kulia tope kushoto tope, Walibya waliokuja kumsaidia Amin wanatupiga, wenzetu wengine wakakimbia, akifika hapo anaulizia chai na ndo basi tena. Kaka si ulizaliwa Machi hiyohiyo ya 1979, barua ya bibi ya kumpa habari ikamfikia Kampala imeshaanguka. Na mama ulituhadithia mwenyewe aliporudi hakumshika mtoto, alisimama mlangoni akaomba maji, akanawa mpaka kwenye viwiko, akaomba mengine akanawa tena, kaka analia, bibi anamfokea we mwanaume hebu mchukue mwanao, ndo akamchukua.

Sasa Baba ninayemjua mimi ni yule wa pasi ya mkaa. Mama ukiwa zamu ya usiku hospitali, saa kumi na moja alfajiri mzee yuko uani anapepea, akijaribu pasi anailambisha kidole chenye mate, ikilia tsss anaanza. Maji anayatia mdomoni anayapuliza kwenye shati, halafu sketi yangu ya marinda, rinda mojamoja mpaka yaishe, sketi nne za watoto wa kike kabla hajagusa gwanda lake. Baada ya hapo gwaride, tumepangwa kwa urefu, anakagua kucha, shingo, soksi, viatu kama vina kiwi. Mtoto wa Baba kuwa mchafu shuleni ilikua haiwezekani, na majirani walikua wanatucheka ati afande ni housigeli, yeye anawajibu njooni niwafundishe wake zenu wapumzike. Miaka hiyo wanaume mtaani kwetu Musoma walikua hawagusi hata ufagio, mnajua.

Alivyostaafu na pensheni ilivyotusumbua nisirudie, mnayajua. Ada alilipa kwa mihogo na hakuna aliyerudishwa kutoka shule akakaa nyumbani zaidi ya wiki.

Kitu kimoja labda wengine hamkijui. Likizo ya form tuu alinichukua tukapanda MV Victoria Mwanza tukashuka Bukoba, kutoka hapo basi mpaka Muleba, kumbe tunaenda Kaboya kwenye makaburi ya mashujaa. Siku ya kawaida tu, hamna bendi wala viongozi. Akapita mstari kwa mstari anasoma majina kwa sauti ya chini, kuna kaburi moja akachuchumaa akang'oa majani, akaniambia huyu alikua anakoroma balaa. Akacheka peke yake kwa muda mrefu. Tulivyotoka akaninunulia kahawa ya kutafuna ile ya kufungwa kwenye majani ya mgomba, chungu ajabu, nikaimaliza kwa kumheshimu.

Basi kaka haya ndo ya kuongezea, na usiruke la pasi hata kama mjomba atanuna. Medali yake akae nayo mama, asipewe mtu wa ukoo "kuitunza", tunajuana. Pesa ya mbuzi wawili na mchele nimetuma kwa dada M-Pesa, itakayobaki mama akanunue dawa za presha za miezi miwili, sio kuchangia sare za kamati. Jumapili nikitoka shifti nitapiga, simu iwe na chaji.

Binti yenu, Reading