Baba, nikumbushe majina ya udongo

Wageningen, Uholanzi

Shikamoo Baba, shikamoo Mama,

Mimi ni mzima, baridi tu ndiyo inanitesa. Sweta la Mama silivui hata kitandani.

Baba, wiki iliyopita niliaibika darasani. Tulikuwa tunajifunza jinsi udongo unavyobadilika kutoka kilimani hadi bondeni. Mwalimu akaandika ubaoni "katena", na chini yake "Tanganyika, 1935". Nikadhani macho yananidanganya. Kumbe neno hilo la Kilatini, maana yake mnyororo, lilitolewa na Geoffrey Milne, Mwingereza aliyekuwa mkemia wa udongo pale Amani, Usambara. Aliona kwamba huko kwetu kila mteremko udongo unafuatana kwa mpangilio uleule, na moja ya sababu ni mvua, inayochukua chembe laini juu na kuzishusha chini.

Nikanyoosha mkono. Nikasema kwetu Magu, Usukumani, wakulima wana majina ya pete zote za mnyororo huo. Nikaanza kwa kujiamini: isanga kule juu kwenye majabali, halafu luseni ya mihogo na karanga, na chini kabisa mbuga, udongo mweusi wa pamba na dengu. Hapo katikati nikakwama. Itogolo na ibambasi, ipi inatangulia? Majaruba yetu ya mpunga yako kwenye ipi? Mwalimu kashika chaki, ananisubiri, mimi natazama viatu.

Baadaye tukapewa udongo tuupime kwa mkono: unaulowesha, unaufinyanga, unausukuma kwa kidole gumba utoke kama utepe. Utepe ukirefuka bila kukatika, mfinyanzi ni mwingi. Si ndivyo alivyokuwa akifanya Babu? Tofauti ni kwamba huku tunatumia chupa ya maji, Babu alitema mate.

Sasa usikasirike. Lile shamba la juu, matuta yake yanaelekea bondeni. Najua utasema mtoto kapelekwa Ulaya arudi kunifundisha jembe. Lakini mvua ikipiga, ule udongo wa juu wenye rutuba unakwenda mtoni, Simiyu inaupeleka Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria. Unabeba fosforasi, na fosforasi ndiyo chakula cha mwani unaofanya maji ya ziwa yawe kijani. Fosforasi nyingine inatua ziwani kutoka hewani, kwenye vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa, kwa hiyo lawama si zako peke yako. Msimu huu jaribu kukingamisha matuta hata nusu ya shamba.

Mama asimpe mtu mfuko wa udongo aniletee. Kuuingiza huku kutoka kwetu hairuhusiwi, watautupa uwanja wa ndege. Majina yanatosha. Muulize na Shangazi, maana yeye alilima na Babu miaka mingi, kisha unirekodie kwa sauti yako, ukianzia kwenye majabali. Kipindi kijacho ni Alhamisi.

Mwanao