Siga zako zinaungua upande mmoja

Kisasa, Dodoma

Kaka Athumani,

Mbukwa! Huku wazima, vumbi tu ndilo linatumaliza. Mwambie Mama Rehema karanga zimefika, zimepungua kidogo njiani lakini zimefika.

Picha zako nimezitazama, za zile siga za harusi (hizo sigara nene za majani ya tumbaku yaliyosokotwa) unazolalamika kuwa zinaungua upande mmoja. Usimtukane aliyekuuzia hilo boksi kabla hujaangalia mambo matatu: ukavu, uwashaji na upepo.

Siga ina jani la nje, jani la kubania, na majani ya ndani. Ya ndani hayaungui kwa mwendo mmoja. Yale ya juu ya mmea, yanayoitwa ligero, ni mazito, yana mafuta, huungua polepole, ndiyo maana msokotaji huyaweka katikati kabisa. Yakikaa pembeni, upande huo utachelewa tu, utake usitake. Lakini kosa hilo ungeliona kwa siga mojamoja. Zako ni boksi zima! Kwa hiyo turudi kwenye ukavu.

Siga inataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na joto la nyuzi 18 hadi 21. Singida kiangazi hiki utaupata wapi unyevu huo? Boksi likikaa wazi kabatini, upande unaopigwa na hewa hukauka kwanza na kuungua mbio, uliolala chini unabaki na unyevu wake. Tafuta chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, weka pakiti za kudhibiti unyevu za asilimia 65 pamoja na kipima unyevu. Kipimo chenyewe usikiamini hivihivi. Jaza chumvi kwenye kisoda, dondoshea maji hadi iwe kama mchanga uliolowa, isiyeyuke, kisha ifungie na kipimo kwenye mfuko usiopitisha hewa. Kesho yake kinatakiwa kisome 75. Kikisoma 70, kinadanganya kwa 5, nawe uwe unaongeza. Baada ya hapo subira, wiki mbili tatu. Usitie sifongo inayochuruzika maji ili uwahi, jani la nje litavimba na kupasuka.

Halafu vijana wako. Picha ya tatu inaonyesha wazi: wanachoma ukingo mmoja kama wanawasha sigara ya dukani, wanamkabidhi mgeni. Hapana. Kata kofia, yaani kile kijani kinachoziba upande wa mdomoni, milimita 2 tu. Tumia kiberiti cha gesi au njiti ya mbao, na kichwa cha njiti kiishe kuungua kwanza. Cha petroli kinaacha harufu. Shika siga kwa mshazari, ncha iwe juu ya moto bila kuugusa, zungusha taratibu mpaka ukingo wote uwe mweusi. Ndipo uvute, bado unazungusha. Pulizia ncha: nyekundu ikionekana nusu tu, rudisha moto kwenye nusu iliyolala.

Na hicho kibaraza chenu, jamani! Upepo wa Singida wote unapita hapo. Upande unaotazama upepo lazima uungue mbele. Wahamishie wavutaji nyuma ya ukuta. Wavute kama mara moja kwa dakika. Mwenye pupa anaipandisha joto na kombo dogo linakuwa kubwa, na anayeisahau mkononi, moto unachimba katikati huku jani la nje limegoma.

Ikishaanza kupinda, geuza upande unaochelewa uwe chini, huko chini moto huwa mkali zaidi. Isipojirekebisha, gusisha moto ukingo uliobaki, bila kuvuta. Unaweza pia kulowesha kidole ukagusa jani la upande unaokimbia, kidogo sana. Babu Chilo yeye anakata ncha yote na kuanza upya. Fedha ni zake.

Sasa niambie: boksi lilikuja na nailoni yake au lilishafunguliwa? Limekaa wapi muda wote huu, juu ya friji? Ukibonyeza siga moja kwa vidole, inarudi au inalia? Na harusi yenyewe ni lini hasa, maana kama ni wiki ijayo hizo wiki mbili tatu hazipo, itabidi tununue nyingine mbichi mbichi na… tutaongea. Dumu langu la alizeti je? Au nalo limekauka?

Wako,
Msafiri