Barua kwa Hamisi: senti za benki na mkebe wa mama

Columbus, Ohio
Jumapili, 18 Januari 2026

Sahibu yangu Hamisi,

Salamu nyingi kutoka kwenye baridi. Sisi hatujambo, watoto wana mafua tu ya msimu. Wasiwasi ni kwenu huko Ngamiani, Tanga: goti la mama limeendeleaje?

Juzi nilipokwambia nimetoka benki kununua senti ulicheka mpaka simu ikakatika. Eti huku kwetu siku hizi hela inanunuliwa kwa hela! Nimeona nikuandikie, maana kwenye simu hunipi nafasi.

Benki za huku hufunga chenji kwenye misokoto ya karatasi (usinifikirie vibaya, ni msokoto wa sarafu). Senti moja moja zinaingia hamsini, robo dola arobaini, nusu dola ishirini. Ukitaka unaomba sanduku zima la misokoto hamsini. La senti ni dola 25, la nusu dola ni dola 500. Unalipa, unabeba, unakwenda kuzitazama moja moja mezani kwako, na zisizo na lolote unazirudisha kwa thamani ileile. Gharama yake ni petroli na macho. Ila usizirudishe palepale ulipozichukua. Kuna tawi moja keshia akiniona tu naingia na begi, anaanza kupanga karatasi ambazo tayari zimepangika.

Ninachotafuta kwanza ni fedha, nasema fedha ile ya sonara. Mpaka 1964 senti kumi, robo na nusu dola za Marekani zilikuwa na fedha asilimia 90. Mwaka 1965 sheria ikabadilika, senti kumi na robo zikawa shaba iliyovikwa mchanganyiko wa shaba na nikeli, na nusu dola ikabakiziwa asilimia 40 mpaka 1970. Watu walizikimbilia zile za zamani, lakini hawakuzimaliza. Mzee anafariki, wajukuu wanakuta chupa ya chenji kabatini, wanaimwaga benki bila kutazama. Hapo ndipo riziki yangu ilipo. Wala huhitaji kusoma mwaka: zisimamishe safu moja utazame ukingo. Ya sasa ina mstari wa kahawia, ya fedha ni nyeupe tupu. Ukiidondosha mezani inalia kama kengele ya mbali, wakati ya sasa inasema tap, kama kifuniko cha soda.

Nusu dola ndizo bora, kwa kuwa hakuna anayezitumia dukani, zinalala tu. Hata hivyo sanduku langu la kwanza, sarafu elfu moja, lilinipa sifuri. La pili nikapata nne za asilimia 40. Mke wangu aliuliza nne hizo zinanunua nini, nikabadili mazungumzo.

Pili natafuta makosa, na hapa ndipo uchawi wenyewe ulipo. Sarafu hugongwa kwa muhuri wa chuma. Muhuri ukiwa na kasoro, kila sarafu inayotoka chini yake inarithi kasoro hiyo. Mwaka 1955 kuna muhuri wa senti ulichorwa mara mbili bila kulingana, basi maandishi na mwaka vikatoka viwiliwili, unaviona bila miwani. Iliyo safi inauzwa dola elfu na zaidi. Mwaka 2004 robo dola za jimbo la Wisconsin zikatoka, baadhi ya zile za kiwanda cha Denver zikiwa na jani la ziada kwenye gunzi la mhindi. Jani moja tu, bwana! Lakini kuna mapacha wa uongo pia. Muhuri ukitikisika wakati wa kugonga, herufi zinaonekana kama zina kivuli bapa, na hiyo haina bei. Mimi miezi mitatu nilikuwa najaza chupa ya jemu kwa vivuli, nikijiona tajiri.

Sasa nikusimulie aibu yangu. Mwaka 1943 shaba ilihitajika vitani, kwa hiyo senti za mwaka huo zilifuliwa kwa chuma kilichopakwa zinki, nyeupe kama bati. Vipande vichache vya shaba vya mwaka uliotangulia vilisalia kwenye mashine vikagongwa pamoja. Senti hizo za shaba za 1943, kila moja imeuzwa kwa zaidi ya dola laki moja. Basi usiku mmoja, saa saba, nimetoka zamu, nafungua msokoto uliofungwa kwa mkono, naona 1943 ya kahawia. Hamisi, mikono ilitetemeka. Nikamwamsha mke wangu. Nilikuwa nimeshamjengea mama yangu nyumba Raskazone, nimeshaweka na geti. Mke wangu akaitazama, hakusema neno, akaenda kubandua sumaku ya embe kwenye friji akaisogeza. Kap! Ikanasa. Ilikuwa chuma ileile, mtu kaipaka shaba juu. Akarudi kulala. Hadi leo nikichelewa mezani pangu ananiuliza kama nyumba ya Raskazone imefika kwenye renta.

Nilichopata kweli ni kidogo: senti za masuke ya ngano, zile za kabla ya 1959, karibu mia mbili, sarafu sita za senti tano za wakati wa vita, zenye herufi kubwa ya kiwanda juu ya kuba la jumba lililochorwa, na robo moja ya 2019 yenye herufi ndogo W, ya kiwanda cha West Point. Kila mchoro wa hizo zilitolewa milioni mbili tu, na kwa nchi hii milioni mbili ni kama punje kwenye gunia. Niliipata kwenye chenji ya kahawa, hata siyo benki.

Na senti yenyewe ndiyo inaondoka. Novemba iliyopita, tarehe 12, Philadelphia waligonga za mwisho za matumizi, baada ya miaka zaidi ya 230. Kuitengeneza moja kulikuwa kumefika karibu senti nne. Zilizoko zitaendelea kutumika, lakini naona masanduku yameanza kuwa adimu, na keshia yule naye amepata sababu nzuri ya kuniambia hamna.

Haya, niliyoyazungusha kote huko ni kwa ajili ya mkebe wa biskuti wa mama yako. Uliniambia utaziloweka sarafu zake kwenye ndimu uzisugue kwa majivu zing'ae. Nakuomba, acha. Mnunuzi akiona mikwaruzo anaondoka, na ule weusi wa miaka ndio anaoutaka. Zimwage kwenye kitambaa, uzitenge. Shilingi za Mwingereza zenye simba na milima: za 1921 mpaka 1946 zina fedha robo, za 1948 na kuendelea hazina hata chembe. Za Wajerumani zimeandikwa Heller, ndiko tulikolitoa neno letu hela. Ukiona ya Heller 20 ya mwaka 1916 yenye herufi T, ilifuliwa Tabora wakati wa vita; hiyo ifunge kwenye karatasi peke yake. Na ukiona ya dhahabu yenye tembo usinipigie simu, panda basi uje uwanja wa ndege nitakukuta.

Nipigie picha pande zote mbili, asubuhi dirishani, jua likitokea ubavuni ili maandishi yasimame. Mama aambiwe kila kitu kabla hujagusa, mkebe ni wake.

Ile yenye tundu uliyofungia funguo za pikipiki, isome kwanza. Ikiwa East Africa, irudishe kwenye funguo. Ikiwa Deutsch Ostafrika, tafuta waya.

Ndimi wako,
Seif